Bastola Imebadilika, Mtihani Bado: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Leseni za Silaha

Kwa Mwenyekiti na Wanachama,
Bodi ya Leseni za Silaha,
Nairobi.

KUH: UKAGUZI WA BASTOLA ZA VIPANDE NA VIOO VYA KULENGEA KATIKA KAUNTI ZA MERU NA EMBU

Msomaji wa magazeti ya Kenya anaijua Ceska hata kama hajawahi kuishika. Imetajwa katika taarifa za polisi miaka nenda miaka rudi. Bastola hiyo ya Jamhuri ya Cheki ni chuma kizima: ina namba yake, ina vilengeo viwili vya chuma, na ilivyotoka kiwandani ndivyo inavyokaa kiunoni mwa mwenyewe hadi azeeke nayo. Afisa anayeikagua hana kazi kubwa. Anasoma namba, anasoma cheti, anarudisha bastola.

Bastola zinazouzwa duniani sasa zimemharibia afisa huyo kazi. Mfano mzuri ni P320 ya SIG Sauer, iliyoingia sokoni mwaka 2014 na kuchaguliwa na Jeshi la Marekani Januari 2017 kwa majina ya M17 na M18. Namba yake ya usajili haiko kwenye mtutu wala haiko kwenye mpini wenyewe. Iko kwenye kitengo cha ndani cha kufyatulia, kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Mwenye bastola hukichomoa, akakitia katika mpini mdogo, wa kati au mkubwa, kisha akakivika mtutu mfupi au mrefu, hata wa kipenyo kingine cha risasi. Juu yake hufungwa kioo kidogo chenye nukta nyekundu badala ya kutegemea vilengeo vya chuma. Glock ilianza kuuza bastola zilizochongwa kupokea vioo hivyo, zinazoitwa MOS, mwaka 2015. CZ, wale wale wa Ceska, nao wana P-10 C yenye nafasi ya kioo.

Kwa hiyo mkazi wa Maua au wa Runyenjes anaweza kupewa cheti cha bastola ndogo ya kubeba, na baada ya mwaka akawa na bastola kubwa ya mashindano yenye kioo, ilhali namba haijabadilika hata tarakimu moja. Cheti cha Kenya hutaja aina ya silaha, namba yake na kikomo cha risasi. Kwa Ceska, hayo yalitosha. Kwa bastola ya vipande, mambo mawili ya kwanza hayasemi tena kitu kimoja.

Si ajabu kwamba sheria haikuliona hili likija. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni zao la miaka ya hali ya hatari, wakati misitu ya Mlima Kenya ilikuwa na wapiganaji waliojitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji na komeo za milango. Novemba 1956, huko Nyeri, mmoja wa viongozi wao, Dedan Kimathi, alihukumiwa kifo kwa kupatikana na bastola na risasi zake. Katika sheria ya zama hizo, silaha ilikuwa kitu kimoja: mtu ama anayo, ama hana.

Hata hivyo sheria hiyo imerekebishwa, na Bodi yenyewe ni tunda la marekebisho ya mwaka 2014. Kifungu cha 3 kinaipa kazi ambazo wengi wa wenye vyeti hawazijui. Bodi inapaswa kuthibitisha ufaafu wa mwombaji na kupima ustadi wa wenye silaha mara kwa mara. Inapaswa pia kusajili, kusimamia na kudhibiti viwanja vyote vya kulengea shabaha vilivyoandikishwa. Mwishoni mwa 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliwapa raia wenye silaha siku 90 wapigwe msasa upya. Zoezi hilo lilijibu swali la nani anafaa kushika silaha. Swali la pili la kifungu cha 3, kama anajua kuitumia hiyo aliyo nayo leo, ndilo linaloletwa mbele ya Bodi na barua hii.

Inafaa bastola yenyewe ipimwe kwa haki kwanza, kwa maana inastahili sifa yake.

Bastola ya ukubwa wa kati, kama Glock 19, P-10 C au P320 Compact, ina mtutu wa takriban sentimita 10 na hubeba risasi 15 za milimita 9. Ni ndogo ya kutosha kufichika na ni kubwa ya kutosha kushikika kwa mikono miwili bila kidole cha mwisho kuning'inia. Mfanyabiashara wa Timau au Kibirichia, anayevaa koti karibu mwaka mzima, hatapata shida kuificha. Mwenzake wa Ishiara au Kiritiri, anayeshinda na shati jepesi kwa joto la Mbeere, ataona kitako kikijichora kwenye kitambaa kila anapoinama. Kwake mpini mfupi una maana, na bastola ya vipande humpa mpini huo bila kununua silaha ya pili. Mikono nayo haifanani. Mwanamke mwenye kituo cha mafuta anayelazimika kushika mpini uliokatwa kwa kiganja cha mwanajeshi hatakifikia kifyatulio vizuri, na risasi yake itaenda kando. Kubadilisha mpini kunamtatulia shida hiyo.

Kioo chenye nukta nacho kina faida ya kweli, hasa kwa watu wanaopewa vyeti kwa kawaida, yaani wafanyabiashara na wakulima wa makamo. Baada ya miaka 40 hivi, macho ya wengi huanza kushindwa kuona wazi kitu kilicho umbali wa mkono ulionyooshwa, na hapo ndipo kilengeo cha mbele kilipo. Kwa kioo, mtu haangalii chuma. Anaangalia anayemlenga, na nukta huelea juu yake. Maana yake anaiona mikono ya aliye mbele yake, anaona kama ameshika panga, simu au kibuyu cha uji. Kwenye uwanja wa shabaha, nukta ya ukubwa wa kawaida, wa MOA 3 (kipimo cha pembe), hufunika takriban sentimita 2 tu kwa umbali wa mita 25. Kwa vilengeo vya chuma, wengi hawaupati usahihi huo.

Michezo ya kulenga shabaha imeshakubali kwamba hiki ni chombo kingine. IDPA, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, na IPSC, iliyoanzishwa mwaka 1976, zote zimewatengea wenye vioo daraja lao, wasishindane na wenye vilengeo vya chuma. Hapa nchini chama cha wamiliki wa bunduki, NGAO, kimekuwa kikiandaa mashindano ya IDPA katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Ikiwa waamuzi wa michezo wanaona tofauti hiyo kubwa kiasi cha kuwatenga washindani, Bodi haina sababu ya kuipuuza katika cheti.

Lakini kioo kina gharama ambayo muuzaji haisemi. Mtu aliyezoea Ceska akiinua bastola yenye kioo kwa mara ya kwanza, mara nyingi haoni nukta kabisa. Kifundo cha mkono kikiinama kidogo tu, nukta hutoka nje ya kioo, na mtu huanza kuitikisa bastola akiitafuta. Vilengeo vya chuma, hata vikikaa vibaya, humwonyesha amekosea upande gani. Nukta haisemi chochote; haipo tu. Tiba yake ni kuichomoa bastola kutoka kwenye ala na kuinyoosha mara mamia, ikiwa tupu, kisha kuifyatua uwanjani. Asiyefanya hivyo amenunua ucheleweshaji kwa bei ghali, na mbele ya mtu aliye mita 3 mlangoni, ucheleweshaji huo hauna fidia.

Hali ya hewa ya pande hizi hukiongezea kioo mtihani wake. Manyunyu ya Nyambene yakitua kwenye kioo kilicho wazi, tone moja juu ya taa yake hutawanya nukta ikawa madoa. Mtu akitoka kwenye baridi ya asubuhi na kuingia katika chumba chenye moto, kioo hupata ukungu. Vumbi la Mbeere hukaa humo humo. Betri nayo huisha, na katika vioo vya aina fulani haibadilishwi bila kukifungua kioo chote, jambo linalomlazimu mwenyewe arudi uwanjani kuhakiki kama bado kinalenga panapostahili. Risasi za uhakiki huo zinahesabiwa katika kikomo kile kile cha cheti. Aliye mwaminifu kwa mazoezi hujikuta hana risasi za kujilinda, na mvivu hujikuta na magazini zilizojaa na mkono usiojua kitu.

Kuhusu kujilinda kwenyewe, Kenya ina mfano ambao hauhitaji chumvi. Septemba 21, 2013, jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi liliposhambuliwa, raia wenye leseni waliingia na bastola zao kabla ya operesheni rasmi kupangwa. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa Seneta wa Garissa, alikuwa mmoja wao. Inayat Kassam, mkufunzi wa silaha, alikuwa mwingine, na alionekana tena hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa Januari 15, 2019. Waliwatoa watu wengi. Watu 67 waliuawa Westgate, na idadi hiyo ingeweza kuwa kubwa zaidi. Jambo la kujifunza pale halihusu aina ya bastola. Waliofaa walikuwa watu waliofanya mazoezi pamoja, wakajuana na kujua kutambua nani ni nani. Jioni ya siku hiyo hiyo, kama ilivyoripotiwa sana, afisa wa kikosi cha polisi cha Recce aliuawa kwa risasi za wanajeshi waliomdhania adui. Ikiwa wenye sare waliweza kudhaniana hivyo, raia mwenye bastola mkononi na koti la kawaida yuko katika hatari zaidi, hata kioo chake kiwe cha bei gani.

Na kuna jambo ambalo bastola hii hailiwezi, nalo linahitaji kusemwa wazi Tigania Mashariki na Igembe. Wezi wa mifugo wanaovuka kutoka upande wa Isiolo hubeba bunduki za kivita. Mfugaji aliyelala karibu na zizi hawezi kuwakabili kwa mtutu wa sentimita 10, uwe na nukta au usiwe nayo. Hitaji lake ni polisi wa akiba waliofunzwa na kusimamiwa, na vituo vinavyopokea simu usiku. Makadirio ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yaliweka silaha zilizo mikononi mwa raia nchini, halali na haramu pamoja, kuwa takriban 750,000, na za mpakani kwa sehemu kubwa hazijawahi kupita mezani mwa Bodi. Bastola ya leseni ina mahali pake pengine: dukani Makutano usiku wa kufunga hesabu, kwenye gari linalorudi na pesa za muguka kutoka Siakago, nyumbani mlango ukivunjwa. Hata huko, kifungu cha 17 cha Sheria ya Adhabu kinarejesha utetezi wa nafsi kwenye kanuni za kale za sheria ya Kiingereza: nguvu iliyotumika iwe ya busara kulingana na tishio. Hakimu atauliza hali ilivyokuwa, hatauliza nukta ilikaa wapi.

Kutokana na hayo, Bodi inaombwa mambo manne.

Kwanza, cheti cha bastola ya vipande kitaje kitengo chenye namba, urefu wa mtutu, kipenyo cha risasi na kama ina kioo. Mwenye cheti akiongeza mtutu mwingine au kioo, aandikishe badiliko hilo kwa muda utakaopangwa. Aliyeficha aulizwe; aliyeandikisha asisumbuliwe.

Pili, upimaji wa ustadi unaotajwa na kifungu cha 3 ufanywe kwa bastola ile ile, jinsi inavyobebwa. Achomoe kutoka kwenye ala yake, chini ya nguo anayovaa kila siku. Afyatue kwa umbali wa chumba na kwa umbali wa uwanja. Kisha kioo kizimwe, na afyatue tena kwa vilengeo vya chuma. Ziwepo shabaha za kulenga na ziwepo za kuacha, ili ionekane anatambua anachokilenga. Anayeshindwa sehemu ya kioo abebe bastola bila kioo mpaka atakapofaulu.

Tatu, upimaji huo uwafuate watu. Kutoka mjini Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Embu ni zaidi ya 100. Safari hiyo humfanya mtu ajaribiwe mara moja na asirudi tena. Bodi inaweza kutenga siku maalumu Meru na Embu, katika viwanja vya polisi na chini ya maafisa wake, na kuchapisha orodha ya viwanja vilivyosajiliwa kwa kila kaunti. Risasi zinazonunuliwa na kufyatuliwa uwanjani siku hiyo hiyo, mbele ya msimamizi, zihesabiwe kando na zile za kubeba.

Nne, Bodi iwe na njia ya kuwaonya wenye vyeti kasoro ya kiwanda inapojulikana. Agosti 2017, ilipobainika kwamba P320 ikianguka kwa pembe fulani iliweza kufyatuka, kampuni ilitangaza kuzirekebisha bila malipo. Rejesta ya Bodi inamjua kila mwenye bastola ya aina yoyote kwa jina na simu. Ujumbe mfupi unatosha kumfikia kabla bastola haijamponyoka mbele ya watoto.

Hakuna kati ya maombi haya linalohitaji sheria mpya kupita Bungeni. Mawili ya kwanza yanahitaji fomu iliyopanuliwa na mtihani ulioandikwa upya; la tatu linahitaji ratiba; la nne linahitaji simu. Bodi inaweza kuanza na wenye vyeti watakaofika kuvihuisha kutoka kaunti hizi mbili, ikachapisha matokeo yake bila majina ya watu, ili wakazi wa Meru na Embu wajue ni wangapi walipimwa na wangapi waliambiwa warudi mazoezini.

Imeandikwa Meru.

Nakala kwa:
Kamishna wa Kaunti, Meru
Kamishna wa Kaunti, Embu
Kamati ya Utawala na Usalama wa Ndani, Bunge la Kitaifa