Bei ya Chini si Ushindi

Wengi tunaocheza PS hosteli tunadhani mwenye mashine kali ndiye anayeshika soko. Si kweli. Mwaka 1999 Sega waliingiza Dreamcast Marekani kwa dola 199, mashine kali kweli. Hesabu yao ilikuwa hii: tule hasara kwenye mashine, faida itarudi kwenye gemu. Lakini wateja wengi wakaamua kusubiri PlayStation 2, inayocheza na DVD. Sony walikuwa na TV, muziki na filamu za kuwabeba. Sega walikuwa bado na hasara za Saturn. Mwaka 2001 wakaacha kutengeneza mashine za gemu za nyumbani. Kwa hiyo wewe unayepanga kushusha bei umkomoe jirani, jiulize kwanza: hasara hiyo utaibeba miezi mingapi?