Kizunguzungu si presha kila mara!

Jamani, mpaka lini? Mtu akijigeuza kitandani dunia inazunguka, anaambiwa ni presha, anarudi nyumbani na mfuko wa vidonge. Mara nyingi ni chembe za chokaa zilizohama mahali pake ndani ya sikio. Dix na Hallpike walieleza kipimo mwaka 1952. Epley wa Marekani akachapisha tiba mwaka 1992: kugeuza kichwa kwa hatua, dakika chache, bila dawa. Daktari aliye mbali anaweza kuona macho yanavyochezacheza kwa kamera ya simu, akamwelekeza ndugu aliye karibu. Ulimi ukiwa mzito au mkono ukilegea, kimbilia hospitali. Lakini kumpandisha basi mgonjwa anayetapika, akageuzwe kichwa tu? Huo ni uzembe, tusiuite uhaba. Simu tunazo, au ni za umbea tu?