AFYA NA NYUMBA: Umri na Mbio Ndefu

Aghalabu askari akitimiza miaka 40 huambiwa na wenzake kwamba siku zake za kukimbia zimekwisha. Mkewe huambiwa hivyo mapema zaidi, pengine mara tu baada ya uzazi wa kwanza. Maneno hayo yamewakalisha wengi barazani kabla ya wakati.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, mwaka 1984, Carlos Lopes wa Ureno alishinda marathoni, mbio za kilomita 42 na mita 195, akiwa na miaka 37. Huko Beijing mwaka 2008, mshindi wa marathoni ya wanawake alikuwa Constantina Diță wa Rumania. Alikuwa na miaka 38, tena mama wa mtoto.

Hata hivyo, umri una kodi yake. Kadiri miaka inavyokwenda, moyo hauwezi tena kupiga kwa kasi ya ujanani, misuli hunywea, na uchovu huchelewa kutoka mwilini. Mwanamke akikoma hedhi, mifupa yake nayo hupungua uimara upesi zaidi. Kodi hiyo hulipwa na wote, lakini anayeendelea na mazoezi huilipa kidogo kidogo, na aliyeyaacha huilipa kwa mkupuo.

Mwaka 1979 Joan Benoit wa Marekani alishinda marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 35 na sekunde 15. Mwaka 2019, akiwa na miaka 61, alirudi huko akakimbia kwa saa 3 na dakika 4. Miaka 40 ilimwongezea dakika zisizotimia 29. Naye Ed Whitlock wa Kanada, mwaka 2004, alimaliza marathoni chini ya saa 3 akiwa mzee wa miaka 73.

Basi askari anayekaribia kustaafu asiache kukimbia siku anaporudisha sare. Aliyekwisha kuacha asirudi kwa pupa: aanze kwa kutembea, kisha akimbie polepole, na baada ya siku ya kazi ngumu apumzike. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame na kumwona daktari. Na alfajiri anapotoka, afuatane na mkewe, kwani mwili wa mama nao unayahitaji mazoezi hayo.