Chupa Moja, Mabanda Kumi

Wafugaji wenzangu wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, nguruwe hubeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Siku zote hizo tunanunua pumba na mashudu tukingoja watoto kumi. Usiku wa kuzaa wanatoka wanne hai, na nyuma yao vijusi vyeusi vilivyokauka, vingine urefu wa kidole. Tunasema jike huyo hafai, tunamuuza. Mara nyingi hiyo ni kazi ya kirusi cha parvo, kinachoua vilivyomo tumboni huku mama akila na kutembea kama kawaida, kisha kikabaki bandani kwa miezi. Na pale penye kikohozi kikavu kisichoisha, watoto wa uzao mmoja wakipishana ukubwa, tushuku bakteria aitwaye mikoplasma. Huko Lira, Uganda, nguruwe walipopimwa walikutwa na dalili za vimelea vyote viwili. Vyote viwili vina chanjo.

Kinachotukwamisha ni kila mtu kwenda kivyake. Chanjo hizi hufungwa dozi nyingi kwa chupa, hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na chupa ikishafunguliwa haikai. Mwenye majike wawili atamwaga nyingi kuliko atakazochoma, na hakuna muuzaji atakayeagiza mzigo kwa ajili yake. Mabanda kumi yakipanga siku moja, boksi la barafu ni moja na nauli ya mtaalamu ni moja. Tena dume tunaloazimana hupita banda kwa banda, na ugonjwa hupita naye. Nguvu ya kwenda pamoja ilionekana Marekani, ilipoanza mwaka 1989 kupambana na ugonjwa wa Aujeszky, unaotupisha mimba na kubana pumzi. Walichanja, wakapima, wakaondoa walioambukizwa. Kufikia 2004 mifugo ya kibiashara ilikuwa safi nchi nzima.

Wapo wanaouliza: homa ya nguruwe ya Afrika ikija si itafagia wote, waliochanjwa na wasiochanjwa? Kweli, chanjo hizi haziizuii. Dhidi yake tuendelee na uzio na viatu vya bandani. Lakini homa hiyo huja kwa vipindi, na parvo hutupunguzia watoto kimyakimya. Chanjo ya mikoplasma nayo haifuti kimelea, ila hupunguza madhara ya mapafu, na nguruwe anayepumua vizuri hunenepa. Anayeona bei ni kubwa ailinganishe na watoto sita aliowafukia.

Basi kila kitongoji kihesabu majike na madume yake, kimwite ofisa mifugo athibitishe tatizo, kisha tuagize pamoja na kuchanja siku moja, kabla majike ambao hawajawahi kuzaa hawajapandishwa.