Mwongozo wa kamera za ulinzi uandikwe kwa Kiswahili

Si ajabu siku hizi, mijini na hata katika vituo vya biashara vya mashambani, kuona kamera ndogo ikichungulia kutoka pembe ya paa la nyumba ya mtu wa kawaida: mwalimu, mwuguzi, mwenye duka la rejareja. Kifaa kilichokuwa cha mabenki na mahoteli makubwa kimeingia majumbani mwetu. Kimeingia, aghalabu, pamoja na kijikaratasi cha maelezo kilichoandikwa kwa Kiingereza na Kichina bila hata sentensi moja ya Kiswahili. Wapo watakaosema kuwa hilo ni suala la heshima ya lugha tu, na kwamba sisi walimu wa lugha hatuna jingine la kulilia. Ninadai kwamba ni suala la uhai.

Nitatoa mfano wa aina moja tu ya vifaa hivyo, yaani vile vinavyopitisha picha za kamera katika nyaya zile zile za stima zilizomo ukutani.

Kamera yoyote ya ulinzi huhitaji mambo mawili: nguvu za kuiendesha na njia ya kupelekea picha inazozinasa. Nguvu hutoka katika soketi. Njia ndiyo yenye matatizo. Wengi huanza na mawimbi ya hewani, yaani waifai, nayo hufaa mpaka yakutane na ukuta. Anayetaka ushahidi na aende Mji wa Kale, Mombasa, au Lamu, kwenye majumba ya mawe ya matumbawe ambayo kuta zake ni nene ajabu. Mawimbi yakishapenya kuta mbili za namna hiyo hufika mlango wa nje yakiwa hoi, na picha hukatika-katika. Njia ya pili ni kutandaza waya maalumu kutoka chumba hadi chumba. Hiyo ni njia bora, wala sisemi sivyo, lakini mpangaji hapewi ruhusa ya kutoboa kuta za mwenye nyumba, na fundi hatoboi bure.

Njia ya tatu ndiyo ninayoizungumzia. Adapta mbili huchomekwa katika soketi, moja karibu na rauta na nyingine karibu na kamera. Waya mfupi huifunganisha kila adapta na jirani yake. Picha ikitoka kwenye kamera huingia adapta, ikapita ndani ya ukuta katika nyaya za stima, ikatokea upande wa pili. Nyundo haihitajiki.

Mwanafunzi atauliza: waya mmoja utabebaje stima na picha bila kimoja kukiharibu kingine? Mwalimu wa Kiswahili anaweza kumjibu kabla ya mwalimu wa fizikia. Tamka, 'Mama amekuja.' Kisha uulize, 'Mama amekuja?' Maneno ni yale yale na pumzi ni ile ile. Kiimbo ndicho kilichobeba ujumbe wa ziada, na sikio la Mswahili hulitenga hili na lile bila kazi. Stima ya nchi yetu huenda na kurudi kwa mizunguko 50 kila sekunde. Mawimbi ya picha hupandishwa juu yake kwa kasi ya mbali kabisa, mizunguko kati ya milioni 2 na milioni 30 hivi kwa sekunde. Ndani ya adapta mna chujio linaloukataa ule mwendo wa polepole na kuupokea ule wa kasi. Basi.

Maarifa yenyewe ni ya zamani. Kampuni za umeme zilikuwa zikipitisha mazungumzo katika nyaya zao za masafa marefu tangu miaka ya 1920. Kilichochelewa ni kuyaleta nyumbani. Muungano wa kampuni uitwao HomePlug ulitoa kanuni zake za kwanza mwaka wa 2001, kasi ya juu ikiwa megabiti 14 kwa sekunde. Kanuni za mwaka wa 2005 zikataja 200, na mwaka wa 2010 jumuiya ya wahandisi ya IEEE ikatoa kanuni yake ya kimataifa. Tarakimu hizo ni za maabara. Nyumbani mtu hupata sehemu yake tu, nayo yatosha kwa kamera moja au mbili.

Hata Kiswahili chenyewe kilikwisha kuuona undugu wa waya na ujumbe. Neno simu linatoka Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Wazee wetu walipoona habari ikisafiri ndani ya waya waliiita habari hiyo kwa jina la kilichoibeba, nasi leo tunaita simu kifaa kisicho na waya wowote! Lugha iliyoweza hayo haiwezi kushindwa na adapta.

Sasa tuitazame hatari. Muuzaji humwambia mteja: 'Hii kamera unaiunganisha tu na waya wa stima.' Sentensi hiyo ina maana mbili, na moja yake huua. Maana salama ni ile niliyoieleza hapo juu. Maana ya pili ni kwamba mteja auchune waya wa kamera na kuufunga kwenye waya uliomo ukutani. Nyaya za nyumbani hubeba volti 240. Kamera nyingi za nyumbani hula volti 12, tena za mkondo ule wa betri. Atakayeifuata maana hiyo ya pili ataiunguza kamera papo hapo, na kama yupo juu ya ngazi, mkono ukiwa na jasho, huenda isiungue kamera peke yake. Msikilizaji hana kosa lolote la lugha. Sentensi inaruhusu maana zote mbili.

Je, Kiswahili kimekosa maneno ya kuzitenga? La, hasha. Tuna kuchomeka, tuna kuunga, tuna kulisha. Kuchomeka ni kutia kitu katika tundu kilichoandaliwa, na mkono haugusi shaba. Kuunga ni kufanya vipande viwili kuwa kimoja, na katika nyaya za stima hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi. Kulisha ni kupeleka nguvu: adapta hulishwa na soketi, kamera hulishwa na kibadilishaji chake cha volti 12. Vitenzi vitatu, kazi tatu. Mitaani vyote vimemezwa na kukonekti, neno ambalo halimwambii mtu kama atumie kidole au koleo.

Kuna na masharti ambayo mnunuzi asiyesoma kijikaratasi hawezi kuyabahatisha. Adapta hutaka soketi ya ukutani. Ukiichomeka katika ekstensheni yenye kinga dhidi ya mishtuko ya stima, kinga hiyo huyachuja mawimbi ya picha ikidhani ni uchafu. Chaja hafifu ya simu au blenda inayonguruma kwenye soketi ya jirani huyatia kelele. Nyumba yenye fezi tatu nayo huweza kuwa na adapta mbili zilizo kwenye fezi tofauti, zikaitana zisisikizane. Fundi asiyeyajua haya atatamka kuwa kifaa ni bandia, mteja atakirudisha dukani, na ugomvi utakaozuka ni wa maneno yaliyokuwa yameandikwa ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, kwa lugha ya wengine.

Lililo zito kuliko yote halimo kwa kawaida hata katika Kiingereza chao. Njia hii ikilishwa na stima, hufa pamoja na stima. Tunakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoifunika sehemu kubwa ya nchi kwa saa nyingi. Lakini mwizi hangoji giza la taifa. Katika nyumba zetu nyingi mita na swichi kuu ziko nje, na atakayeinua mkono akaizima amelifumba jicho la mlangoni kabla ya kuupanda ua. Mwenye nyumba amelala akiamini analindwa. Kinga yake ni betri ya akiba inayozilisha nyaya za nyumba, au kamera yenye betri na kadi yake ya kuhifadhia picha; na ikiwezekana, swichi hiyo iwekwe ndani ya kisanduku chenye kufuli ambacho wenyeji wanaweza kukifungua upesi ikizuka hatari. Mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kutoa pesa.

Tena waya wa stima haujui mipaka ya vyumba. Katika nyumba za kupangisha ambamo wapangaji kadhaa hutumia nyaya za mwenye nyumba mmoja, mawimbi ya picha zako yanaweza kufika soketi ya jirani. Vifaa hivi huzificha picha kwa maneno ya siri, lakini hutoka kiwandani na neno la siri lijulikanalo kwa wote, mpaka mwenyewe abonyeze kitufe cha kuzioanisha adapta zake. Kitufe hicho kina jina la Kiingereza, nacho hakibonyezwi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikafuata, ingawa imeyaacha nje mambo ya nyumbani yaliyo ya mtu binafsi tu. Yaya anayefanya kazi mbele ya kamera hiyo mchana kutwa naye ana haki ya kujua ni nani anayemtazama.

Hapo nina ugomvi mdogo na magazeti yetu, likiwemo hili, yanayoviita vifaa hivi 'kamera za siri'. Siri gani, nazo zimening'inia juu ya lango? Marie Van Brittan Brown, mwuguzi wa New York ambaye pamoja na mumewe aliomba hataza ya mtambo wa kulinda nyumba kwa televisheni mwaka wa 1966, akaipata mwaka wa 1969, aliiweka kamera yake kwenye matundu ya mlango amwone anayebisha hodi. Huo ni ulinzi. Kamera ya siri ni ile iliyofichwa mtu asijue anatazamwa, na ni jambo jingine kabisa, mbele ya sheria na mbele ya utu. Tukiyachanganya majina tutawazoesha vijana kudhani kuwa yote mawili ni sawa.

Nitaambiwa kuwa mafundi wetu wanajua Kiingereza. Wapo wanaokijua. Lakini anayebaki na kifaa baada ya fundi kuondoka ni mama mwenye nyumba, mlinzi wa usiku, au mzee aliyenunuliwa kamera na mwanawe aliye ng'ambo. Kanuni ya kudai maelezo ya Kiswahili katika bidhaa za stima si jambo la kumshinda anayeziruhusu kuingia bandarini.

Walimu hawana haja ya kungoja kanuni hiyo. Tunafundisha sajili katika isimu jamii kwa mifano ya mahakamani na hospitalini mwaka nenda mwaka rudi. Chukueni adapta moja, iwekeni mezani ikiwa haijachomekwa popote, wanafunzi waandike maelezo ya ukurasa mmoja kwa nyanya aliye peke yake nyumbani, wakitofautisha kuchomeka, kuunga na kulisha. Wakimaliza, karatasi hizo zipelekwe kwa fundi wa stima mwenye leseni azisahihishe kabla ya mwalimu wa lugha kuzitia alama.