Ukizima Simu, Umebaki na Nini?

Wacha niseme kitu ambacho pengine kitaninyima mialiko.

Miezi michache iliyopita niliitwa kurekodi uzinduzi wa maonyesho fulani ya sanaa. Habari kubwa siku hiyo ilikuwa AR, ile teknolojia ya kuelekeza simu kwa mchoro halafu kwenye skrini mchoro unaanza kusonga na kuongea. Kulikuwa na watoto wa shule ya msingi kama 40 hivi, na tableti 3. Piga hesabu mwenyewe. Ilikuwa ni kusukumana tu. Mtoto akibahatika kushika tableti, anaona ng'ombe akitoka kwa fremu anadensi, kila mtu anacheka, haya, mwingine.

Nikamuuliza msichana mmoja: yule ng'ombe alikuwa wa rangi gani? Akanijibu, "Alikuwa anadensi." Rangi hakujua, na mchoro wenyewe ulikuwa mita 1 kutoka alipokuwa amesimama. Ng'ombe alikuwa wa buluu, bana. Mchoraji alikaa chini akaamua ng'ombe awe wa buluu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeulizwa anadhani ni kwa nini.

Video nilipost hata hivyo, na ilifanya vizuri sana. Ndiyo maana naandika hii.

Najua mtasema mtu aliyeacha kampasi anajua nini kuhusu elimu. Sawa. Lakini kazi yangu ya kila siku ni kushika macho ya watu wasiscroll, na ninajua kushika macho si kufundisha. Kile kitu nilichoona siku ile kilitengenezwa na watu wanaofanya kazi kama yangu. Kilitengenezwa kwa ajili ya video yangu, si kwa ajili ya yule msichana.

Msidhani nachukia AR. Mwaka 2017, Art Gallery of Ontario kule Toronto walifanya maonyesho yaliyoitwa ReBlink, kazi ya Alex Mayhew. Unaelekeza simu kwa mchoro wa zamani, na watu waliochorwa wanageuka kuwa watu wa leo. Kilichonivutia si hiyo mbwembwe. Ni kwamba jumba lile liliuliza wageni kama baada ya hapo walirudi kuutazama mchoro wenyewe. Asilimia 39 walisema ndiyo. Iite kubwa au ndogo, lakini hilo ndilo swali la kuuliza. Ukizima simu, umebaki na nini?

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2021, kwenye makavazi ya Nairobi, kulikuwa na maonyesho ya Invisible Inventories. Waandaaji walikuwa wamekusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyo kwenye taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Vilifika zaidi ya 32,000. Na moja ya vitu walivyoonyesha ni makabati ya vioo yasiyo na kitu ndani. Matupu kabisa. Kabati tupu halihitaji bando wala chaji. Unasimama mbele yake na unaanza kuuliza: kilichofaa kuwa hapa kiko wapi? Nani alikichukua?

Leta sasa mtu wa kuuza AR. Kitu cha kwanza atakachosema ni, "Hilo kabati tunaweza kulijaza." Hapo ndipo mimi nakataa.

Chukua ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Tana River. Maafisa wa kikoloni waliinyakua mwaka 1902, na tangu 1908 iko British Museum, imefungiwa stoo. Tukiweka ngadji ya skrini Nairobi, ipigwe kwa mlio uliotolewa kwa maktaba ya sauti ya kompyuta, tutakuwa tumemfundisha mtoto nini? Kwamba ngadji iko. Haiko! Na yule aliye nayo London atafurahi sana, maana sasa ana jibu: si mko na yenu ya dijitali? Sitaki tutengeneze kisingizio kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa pesa zetu.

Picha inaweza kufanya kazi ya maana, sibishi. Mwaka 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru kule Pwani akiwa na vigango vyake viwili, zile nguzo za kuchongwa ambazo Wamijikenda husimamishia wafu. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, Udvardy akakiona kimoja kwenye slaidi ya mtafiti mwenzake: kilikuwa kwenye chuo kikuu Illinois. Cha pili kikapatikana chuo kingine, Hampton, Virginia. Mwaka 2007 familia ikakabidhiwa vigango vyake. Picha moja ya kawaida, haisongi, haidensi, ilirudisha vitu vyenyewe nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka AR ifanye.

Kwa hivyo wale mnaounda hivi vitu, nawaomba mambo manne.

Moja, mtoto atazame kwanza kwa macho yake. Aulizwe swali ambalo jibu lake liko kwenye mchoro wenyewe, kisha simu ifunguke.

Mbili, ifanye kazi bila intaneti, kwa simu ya bei ya chini. Kama inahitaji simu ya laki, hiyo si elimu, ni maonyesho ya simu.

Tatu, iongee Kiswahili, na kama kitu ni cha Wapokomo, Wapokomo waulizwe kabla ya mstari wa kwanza wa programu kuandikwa. Wao ndio waseme kama kitaonyeshwa au la.

Nne, kama kitu kiliibwa, skrini iseme kiko wapi, kilichukuliwa lini, na nani anakikalia. Halafu picha ipotee. Mtoto abaki na lile kabati tupu.

Najua kuna watakaosema vijana hawaendi makavazi bila teknolojia. Mimi ni kijana. Nilienda nikapata kikaratasi ukutani: jina, mwaka, rangi za mafuta kwenye turubai. Basi. Hakuna aliyenieleza kitu. Hiyo shida haikuletwa na kukosa AR, na ng'ombe anayedensi hataitatua.

Ile video yangu bado iko, sijaifuta. Ukiiona, tafuta ng'ombe wa kwenye ukuta, nyuma ya watoto. Anaonekana kwa kama sekunde 2. Hata mimi nilisahau kumrekodi.