Vijana wa Eastlands wajue hatari za meli za kitalii kabla ya kupanda

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, bahari ni kitu cha mbali. Kutoka Barabara ya Jogoo hadi Mombasa ni safari ya karibu kilomita 480, na wapo vijana waliotimiza umri wa kupiga kura bila kuwahi kukanyaga mchanga wa pwani.

Hata hivyo, bahari imeanza kuwabishia hodi vijana hao. Aliyesomea upishi, uhudumu wa hoteli, usafi wa vyumba au muziki husikia kwamba meli za kitalii zinatafuta watu. Anaambiwa kuhusu mshahara wa dola, chakula na malazi ya bure, na miji ambayo ameiona kwenye televisheni pekee.

Serikali nayo imekuwa ikiihimiza nia hiyo. Novemba 2018, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano la kimataifa kuhusu uchumi wa bahari, na tangu wakati huo ajira za ubaharia zimetajwa mara kwa mara kama mojawapo ya dawa za ukosefu wa kazi. Mwaka huo huo Chuo cha Bandari Maritime Academy kiliundwa Mombasa ili kuwafunza mabaharia.

Hakuna ubaya wowote katika hilo. Lakini kuna jambo ambalo mawakala wa ajira hawalitaji sana, na ambalo wazazi wengi wanaouza kipande cha shamba ili mtoto asafiri hawalijui. Meli ya kitalii si hoteli inayoelea. Siku ya ajali, yule mhudumu aliyekuwa akimimina chai ndiye anayegeuka kuwa mwokozi.

Sheria za kimataifa za usalama baharini zinataka kila mfanyakazi wa meli, awe fundi wa injini au mwosha vyombo, awe na jukumu lake katika orodha ya dharura. Mmoja hupewa kazi ya kuongoza abiria kwenye ngazi, mwingine kugawa majaketi ya kuokolea maisha, na mwingine kusaidia kushusha mashua. Zipo meli zinazobeba zaidi ya abiria 5,000, na maafisa wachache wa daraja la juu hawawezi kuwafikia wote hao.

Historia ya ajali za meli inathibitisha jambo hilo.

Mafunzo ya Concordia

Usiku wa Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, baada ya nahodha kuisogeza mno ufuoni. Ilikuwa na watu 4,229, wakiwemo wafanyakazi zaidi ya 1,000. Abiria waliambiwa kwamba palikuwa na hitilafu ya umeme tu. Amri ya kuiacha meli ilitolewa zaidi ya saa moja baadaye, wakati meli ilikuwa imeshainama na mashua za upande mmoja zilikuwa vigumu kushushwa.

Watu 32 walikufa, na watano kati yao walikuwa wafanyakazi. Nahodha Francesco Schettino, aliyeondoka melini kabla ya abiria wote kuokolewa, alihukumiwa kifungo cha miaka 16 mnamo Februari 2015.

Jambo ambalo halikuzungumziwa sana ni kwamba mamia ya abiria waliopanda siku hiyo katika bandari ya Civitavecchia walikuwa hawajafanyiwa zoezi la dharura. Sheria ya wakati huo iliruhusu zoezi hilo lifanywe ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Ajali haikusubiri saa 24. Kuanzia Januari 2015, sheria ilibadilishwa ili zoezi lifanywe kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka.

Kisa kingine kilitokea karibu zaidi na kwetu. Agosti 1991, meli ya Oceanos ilianza kujaa maji katika bahari iliyochafuka, pwani ya Afrika Kusini, ikiwa na watu 571. Nahodha na baadhi ya maafisa wake waliondoka wakati abiria wengi walikuwa bado melini. Waliobaki kuwatuliza abiria, kuomba msaada kwa redio na kuwapanga watu wapandishwe helikopta mmoja baada ya mwingine walikuwa wanamuziki na watumbuizaji wa meli hiyo, akiwemo mpiga gitaa Moss Hills. Watu wote 571 waliokolewa kabla ya meli kuzama.

Ikiwa mpiga gitaa anaweza kujikuta akiongoza uokoaji wa mamia ya watu, basi kijana wa Kariobangi anayekwenda kutandika vitanda hana budi kufahamu kwamba siku kama hiyo inaweza kumkuta.

Pale ambapo wafanyakazi hawakuandaliwa, matokeo yalikuwa mabaya mno. Aprili 1990, moto ulizuka ndani ya Scandinavian Star, meli iliyowahi kutumika kwa utalii kabla ya kugeuzwa feri ya kati ya Norway na Denmark. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wageni katika meli hiyo, hawakuwa na lugha moja ya kuelewana, na hawakuwa wamefanya zoezi la kutosha la moto. Watu 159 walikufa, wengi wao kwa kuvuta moshi. Msiba huo ulichangia kuundwa kwa kanuni za kimataifa za usimamizi wa usalama melini, ambazo zilianza kutumika kwa meli za abiria mwaka 1998.

Hatari kwa mfanyakazi

Ni haki kusema kwamba meli za kitalii hazizami kila siku. Mamilioni ya watu husafiri nazo kila mwaka na kurudi nyumbani salama. Lakini hatari ya mfanyakazi si ile ya abiria. Abiria hukaa melini wiki moja au mbili. Mfanyakazi hukaa miezi sita, minane au zaidi, akipita kila siku penye mafuta ya moto jikoni, mashine, ngazi zilizolowa na kamba nzito.

Hata zoezi la usalama lenyewe limewahi kuua. Februari 10, 2013, katika bandari ya Santa Cruz de La Palma, visiwa vya Canary, kamba ya chuma iliyoshikilia mashua ya kuokolea ya meli ya Thomson Majesty ilikatika wakati wa zoezi. Mashua ilianguka majini ikiwa imepinduka. Wafanyakazi watano walikufa: Waindonesia watatu, Mfilipino mmoja na Mghana mmoja. Septemba 2016, mfanyakazi mwingine alikufa mjini Marseille, Ufaransa, mashua ya meli ya Harmony of the Seas ilipoanguka katika zoezi kama hilo.

Kisha kuna uchovu. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unatoa njia mbili za kulinda mapumziko. Ama baharia asifanye kazi zaidi ya saa 14 kwa siku na saa 72 kwa wiki, au apate mapumziko ya angalau saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki. Msomaji akumbuke kwamba hicho ndicho kiwango kinachoruhusiwa na sheria. Mtu aliyechoka huteleza, husahau jiko likiwaka, na huchelewa kuamka king'ora kinapolia.

Janga la Covid-19 nalo lilifichua jambo jingine. Mnamo Februari 2020, meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini huko Yokohama, Japani, ikiwa na watu zaidi ya 3,700. Watu zaidi ya 700 waliambukizwa. Abiria walipofungiwa vyumbani, wafanyakazi waliendelea kuwapelekea chakula. Na safari za kitalii ziliposimama kote duniani mwezi uliofuata, abiria walirudishwa makwao huku maelfu ya wafanyakazi wakibaki baharini kwa miezi kadhaa, nchi nyingi zikiwa zimefunga milango.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi nao umeonja machungu hayo. Mwishoni mwa Novemba 1994, meli ya Achille Lauro ilishika moto nje ya pwani ya Somalia ikiwa na karibu watu 1,000, na ikazama siku chache baadaye. Novemba 5, 2005, maharamia waliishambulia kwa risasi na roketi meli ya Seabourn Spirit karibu na pwani hiyo hiyo, ikiwa njiani kuja Mombasa. Meli iliponyoka na kuelekea Ushelisheli, na biashara ya utalii wa meli Mombasa ikadorora kwa miaka.

Somo kutoka Mtongwe

Mkazi wa Eastlands hahitaji kwenda mbali ili aelewe chanzo cha mengi ya maafa haya. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, hatua chache kutoka ufuoni, ikiwa na takriban watu 400 ilhali uwezo wake ulikuwa 300. Waliokufa walikuwa 272, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wakielekea vibaruani asubuhi.

Kanuni ya idadi ilikuwepo lakini haikufuatwa. Anayepanda matatu jioni kutoka katikati ya jiji kwenda Kayole anaielewa habari hiyo. Kanuni za marehemu waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda na kukomesha abiria kusimama. Msako ulipolegea, wengine wakarudia mtindo wa zamani. Kanuni hudumu pale inapoaminiwa na wanaoitekeleza. Ikifanywa kwa sababu ya kumwogopa polisi, huisha polisi akiondoka.

Tabia hiyo ndiyo inayotia hofu katika suala la vyeti vya ubaharia. Kabla ya kupanda meli, mfanyakazi anatakiwa kupata mafunzo ya msingi: kunusurika majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi. Anayehudumia abiria moja kwa moja huhitaji pia mafunzo ya kuwaongoza watu wakati wa dharura. Uwezo wa kunusurika majini na kuzima moto hupaswa kuthibitishwa upya kila baada ya miaka mitano.

Jijini Nairobi, jina la River Road limekuwa kama methali ya hati za bandia. Kijana anayeharakishwa na wakala anaweza kushawishika kwamba mafunzo hayo ni karatasi tu, na kwamba karatasi hununuliwa. Mtu huyo akisimama katika ukumbi uliojaa moshi, mbele ya wazee na watoto wanaomtazama awaonyeshe njia, cheti alichonunua hakitamsaidia yeye wala wao.

Ada ya wakala

Kuna pia suala la pesa. Mkataba wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama anazoweza kubebeshwa baharia ni za cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti au hati nyingine kama hizo za safari. Kwa hiyo wakala anayedai maelfu ya shilingi ili "kushikilia nafasi" anavunja sharti ambalo nchi imelikubali.

Ada hiyo ina madhara hata kwa usalama. Aliyekopa ili alipie nafasi hupanda meli akiwa mtumwa wa deni. Akiona kamba iliyochakaa au akilazimishwa kupitisha saa za kazi, hunyamaza, kwa kuwa kufukuzwa ni kurudi nyumbani kwa wadai. Meli ambayo wafanyakazi wake wanaogopa kusema ni hatari kwa kila aliyemo.

Kabla ya kutia sahihi, basi, familia inafaa kuuliza maswali machache. Je, wakala ana leseni ya Halmashauri ya Ubaharia Nchini (KMA)? Meli inapeperusha bendera ya nchi gani? Swali hili ni muhimu kwa kuwa meli nyingi za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, na sheria za nchi hiyo ndizo zitakazotumika kwanza mambo yakiharibika. Mkataba unasema nini kuhusu matibabu, nauli ya kurudi, na fidia ya kifo au ulemavu? Tangu Januari 2017, mwenye meli iliyo chini ya mkataba wa mwaka 2006 anapaswa kuwa na dhamana ya kulipa fidia hiyo, na hati yake hubandikwa melini mahali inapoonekana.

Serikali nayo ina wajibu wake. Haitoshi kutangaza idadi ya kazi. Taarifa hizi zinastahili kufika Makadara na Embakasi kwa Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na orodha ya mawakala walioidhinishwa, badala ya kumlazimu kijana asafiri hadi Mombasa kuuliza. Mafunzo ya usalama nayo yanahitaji gharama ambayo mtoto wa fundi wa Gikomba anaweza kuimudu, la sivyo njia ya mkato itaendelea kuwavutia wengi.

Ajira ya baharini imezisomesha familia nyingi Ufilipino na India, na inaweza kufanya hivyo Kenya. Lakini mataifa hayo yamejenga jina lao kwa kutoa mabaharia waliofunzwa. Kijana wa Eastlands anayetaka kuwafuata aanze na darasa la kunusurika majini na kuzima moto, kabla hajaanza kuhesabu dola.